Rambirambi za Kutoka Nje

Nchi ya Komeo ipo. Anayebisha na aende akaitafute, na akiikosa asije akaniita mwongo, kwani kujificha ndiyo kazi kubwa ya nchi hiyo, nayo imeifanya kwa bidii kuliko kulima. Nyuma imezibwa na milima, mbele imezungukwa na mto. Juu ya mto kuna daraja moja tu, na katikati ya daraja pana lango la chuma. Lango hilo alilifunga Baba Mlinzi kwa mkono wake mwenyewe siku ile alipotwaa madaraka, akiwa bado kijana mwenye nywele. "Mwenye nyumba hulala mlango umefungwa," alisema, na watu wakampigia makofi, maana kweli hakuna mwenye akili alalaye mlango wazi. Kilichowashangaza baadaye ni kwamba asubuhi hakufungua.

Tangu hapo wananchi wa Komeo waliijua dunia kwa kusimuliwa na redio ya taifa. Redio ilisema huko nje kuna baridi na njaa, na kwamba mataifa yote yanampenda Baba Mlinzi kupita kiasi, na watu wa huko hulala wakilia kwa kuwa hawakujaliwa kuzaliwa Komeo. Ni kweli walinzi wa lango walielekeza bunduki zao ndani, si nje. Lakini alipotokea mtu wa kuuliza sababu, alielezwa vizuri kabisa: si adabu kuwaelekezea bunduki watu wanaolia. Baada ya kuelezwa, mtu huyo hakuuliza tena, wala hakuonekana tena.

Katika nchi hiyo aliishi Ngwali Mtoro, Waziri wa Mambo ya Nje. Ndiyo, Komeo ilikuwa na waziri wa mambo ya nje. Nchi isiyo na waziri wa namna hiyo ni nchi gani? Ngwali alipewa cheo hicho kwa sababu moja, nayo ni kwamba akipanda gari hutapika. Baba Mlinzi alipopata habari hiyo alifurahi mno. "Huyu hatatukimbia," alisema, akamkabidhi wizara iliyojengwa juu ya kilima kando ya mto, yenye zulia jekundu, viti vya wageni vilivyokuwa bado kwenye nailoni zake, na bendera za mataifa, ambayo mengine yalikwisha kubadili majina bila kuiarifu Komeo.

Kila asubuhi Ngwali aliketi dirishani, akatazama ng'ambo ya mto, kisha akapiga simu Ikulu.

"Nje hakuna kitu, Baba."

"Vizuri. Endelea kuangalia."

Hapo kazi ya siku ilikuwa imekwisha.

Kusema kweli, kitu kilikuwepo. Kila asubuhi, ng'ambo, chini ya miti, ulipanda moshi mzito wa kuni mbichi. Ngwali aliutazama moshi huo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kikazi. Kisha akaamua kwamba moshi si kitu, akainua simu.

Ngwali na mkewe, Bi Mafunda, walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyeitwa Siwema. Kiangazi kimoja, mto ulipokauka hata ng'ombe wakawa wanavuka, Siwema alitoka na ndoo kichwani kama mtu anayekwenda kuteka maji. Akaenda kuyateka ng'ambo, na hakurudi.

Sheria ya Komeo ilikuwa fupi: Aliyetoka hakuwahi kuwamo. Mwandishi wa sheria hiyo alikuwa Bwana Shebughe, Waziri wa Utulivu, mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Kwa mujibu wa sheria hiyo Ngwali aliitwa redioni, akasema mbele ya taifa zima, "Mimi Ngwali Mtoro sijawahi kuwa na binti." Aliyatamka vizuri, na wakuu wakampongeza kwa matamshi safi.

Tangu siku hiyo ilikuwa marufuku kumwita mkewe Mama Siwema. Majirani walipata taabu, maana ulimi uliozoea hauambiwi. Mtu angeanza, "Mama Si..." kisha angekumbuka na kuligeuza neno kuwa kikohozi. Mtaa ule ukawa na kikohozi kingi hata serikali ikapeleka dawa. Nyumbani nako Ngwali alimwita mkewe "Mama," akaishia hapo, na pale alipoishia ndipo wote wawili walipokaa kimya.

*

Baba Mlinzi alifariki baada ya chakula cha mchana, ameketi, mkono ukiwa bado kwenye bakuli la matunda. Ilikuwa habari kubwa, lakini haikuwa na maneno ya kuielezea, kwa sababu sheria ilikataza kabisa kulitaja jina lake karibu na neno "kufa". Daktari wa Ikulu, mtu mwangalifu, aliingia mbele ya Baraza Kuu akasimama wima.

"Waheshimiwa," alisema, "Baba Mlinzi amekataa kupumua."

"Amekataa?" aliuliza Jenerali Makota.

"Amekataa katakata. Tumembembeleza mchana kutwa."

"Basi uamuzi wake uheshimiwe," alisema Bwana Shebughe, na wote wakainamisha vichwa. Kisha kila mmoja akainua jicho moja kumtazama mwenzake.

Waliokuwa wakitazamana hasa walikuwa watatu. Jenerali Makota alikuwa na bunduki zote za nchi. Bwana Shebughe alikuwa na siri za watu wote, pamoja na za Jenerali. Wa tatu alikuwa Dokta Pazi, mwana wa marehemu, ambaye hakuwa na bunduki wala siri, ila alikuwa na pua ya baba yake, na katika Komeo pua ile ilikuwa kwenye kila noti. Udokta alipewa akiwa mtoto mchanga, siku alipotolewa arubaini, kwa mchango wake katika furaha ya taifa.

Hakuna aliyethubutu kutaja neno "mrithi". Walizungumzia mazishi.

"Redio imesema miaka yote kwamba ulimwengu unampenda baba yangu," alisema Dokta Pazi. "Ulimwengu usipokuja kumzika, wananchi watafikiri nini?"

"Watafikiri," alisema Jenerali kwa hofu. "Hilo tu linatosha."

Baraza zima likageuka kumtazama Ngwali, aliyekuwa ameketi karibu na mlango kama kawaida yake.

"Waziri wa Nje," alisema Bwana Shebughe, "ulimwengu uko katika wizara yako. Ulete."

"Wote, Mheshimiwa?"

"Wa kutosha kujaza viti vya mbele."

"Na ulimwengu ukikataa?"

Bwana Shebughe alitabasamu kwa upole. "Ndugu yangu Ngwali, wewe mwenyewe unajua jinsi mtu anavyoweza kutozaliwa."

Kikao kilipovunjika, Jenerali alimsindikiza Ngwali ukumbini akamnong'oneza, "Huo ulimwengu ukifika, uniletee mimi kwanza. Atakayepeana nao mkono wa kwanza ndiye wananchi watakayemtambua." Mbele kidogo Ngwali akamkuta Dokta Pazi, akaambiwa hayohayo. Alipofika kwenye ngazi alimkuta Bwana Shebughe, ambaye hakusema neno. Alimrekebishia kola ya koti, akaondoka zake.

*

Ufunguo wa lango ulikuwa shingoni mwa marehemu, ukaletwa juu ya mto wa mahameli. Ulikataa kuzunguka. Walimimina mafuta ya kupikia, wakaita mhunzi, wakaimba na wimbo wa taifa. Hatimaye askari mmoja alichoka, akaliegemea lango apumzike, lango likafunguka lenyewe kwa mlio wa kilio. Komeo lilikuwa limekwisha liwa na kutu zamani za kale. Kwa miaka mingi taifa zima lilikuwa limefungiwa na mlango ulio wazi. Askari wakatazamana, wakakubaliana kwamba hawakuona kitu, wakapiga saluti.

Ngwali alivuka kwa miguu. Alivaa koti zito kwa ajili ya baridi ya nje, akabeba mkate kwapani kwa ajili ya wenye njaa. Alipofika ng'ambo jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye soksi, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilikuwa imemkamata puani.

Katika kibanda mwishoni mwa daraja aliketi mama mmoja wa forodha, Bi Sabela, amekumbatia ungo anachagua choroko.

"Hodi hapa," alisema Ngwali.

"Karibu. Una bidhaa?"

"Nina msiba."

"Pole sana. Msiba hautozwi ushuru. Nani amefariki?"

Ngwali alitazama nyuma, akateremsha sauti. "Baba Mlinzi."

"Masikini. Alikuwa akilinda wapi? Benki?"

"Alikuwa akilinda Komeo."

"Komeo ndiyo wapi?"

Ngwali alinyoosha kidole kuelekea kilimani, kwenye wizara yake, kwenye bendera iliyoshushwa nusu.

"Aa, kule!" alisema Bi Sabela. "Sisi tunapaita Kule."

Ngwali alimweleza kwamba alitumwa kuwaalika wakuu wa ulimwengu kwenye mazishi. Bi Sabela hakumcheka. Alikuwa mtu wa kazi. Alinawa mikono, akapiga simu kwa wakubwa wake, akasikiliza, akaitikia, akakata.

"Wanasema poleni sana. Wanauliza, kwani mzee mwenyewe hakufa mwaka ule wa mafuriko?"

"Hakufa."

"Basi wanasema hongereni kwa kuishi naye. Lakini hawatakuja, wana mkutano. Wanauliza pia kama huko Kule mnalima vitunguu saumu."

Ngwali aliketi kwenye benchi. Miaka yote alikuwa akisikia redioni jinsi ulimwengu unavyolia, naye, ingawa alikuwa waziri, kidogo aliamini. Sasa aliwaona watu wa nje wakipita na baiskeli na watoto na matenga ya kuku, hakuna hata mmoja anayelia, na hakuna anayejua kwamba kuna mtu anapaswa kumlilia. Alikumbuka tabasamu la Bwana Shebughe. Alimfikiria mkewe, ambaye alikwisha kupokonywa mtoto, na sasa angeambiwa hakuwahi kuolewa.

"Baba, rangi imekutoka," alisema Bi Sabela. "Hujala. Nenda pale penye moshi, kuna mwenzenu wa Kule anapika chakula kizuri."

*

Ulikuwa ule moshi. Ngwali aliujua kabla hajaufikia, kama mtu anavyoujua uso wa jirani aliyezoea kumwona dirishani tu. Chini yake palikuwa na mgahawa wa mabati, madereva wa malori wameinamia sahani, na jikoni mwanamke amesimama na mwiko, kitambaa kichwani, mgongo wake ni mgongo wa Bi Mafunda mtupu.

Mwanamke akageuka. Mwiko ukabaki hewani.

"Shikamoo baba," alisema Siwema.

Ngwali alifungua mdomo, na yule msemaji mwenye matamshi safi hakupata hata "marahaba". Alinyoosha mikono, na mikononi mlikuwa na mkate.

"Umeniletea mkate?"

"Tuliambiwa huku kuna njaa."

Siwema aliupokea. Ulikuwa mkate wa Komeo, uliochanganywa na vitu ambavyo serikali haikuvitaja, na ulipoguswa ulimeguka kama udongo. Aliunusa, akacheka, kisha macho yakamjaa.

"Nakuona kila asubuhi dirishani, baba. Ninatia kuni mbichi makusudi ili moshi uwe mwingi. Wateja wananilalamikia, wanakohoa. Hukuuona?"

"Niliuona."

"Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia hakuna kitu."

Siwema aliuweka mkate mezani. Ngwali akafuta jasho kwa mkono wa koti. "Ningewaambia kuna kitu, mwanangu, wangetuma watu kuja kukiangalia."

Mmoja wa madereva aliita akitaka chumvi, na hakuna aliyemjibu. Siwema alimketisha baba yake, akamwekea ugali na samaki, naye Ngwali akala kama wale wenye njaa wa redioni. Akiwa anakula, akaeleza habari yote: kifo, viti vya mbele, na jinsi ulimwengu ulivyokuwa na mkutano.

"Mama yuko?"

"Yupo."

"Basi mimi nitakuja kulia," alisema Siwema. Akawageukia wateja wake. "Jamani, kuna msiba wa mkubwa mmoja hapo ng'ambo. Viti vya mbele. Nani anakwenda?"

"Kuna pilau?" aliuliza Tindwa, dereva wa lori mwenye kitambi na sauti ya honi.

"Ng'ombe wa Ikulu wote wanachinjwa," alisema Ngwali.

Wakasimama karibu wote. Muuza mitumba wa jirani akaleta marobota yake, akawavalisha. Na hapo pasiwe na mtu wa kusema kwamba Ngwali alilidanganya taifa, kwa sababu suti zile kweli zilitoka katika mataifa mbalimbali, na kila mtu aliiwakilisha nchi iliyoandikwa kwenye kola yake. Tindwa alipata koti lililotoka katika ufalme fulani wa barafu. Lilimbana kwapani, akatembea mikono imepanuka kidogo, jambo lililomfanya aonekane mtu wa heshima kubwa.

*

"Ulimwengu umewasili!" ilitangaza redio, na kwa mara ya kwanza ilikuwa karibu kusema kweli.

Uwanja ulijaa. Mabalozi walikaa viti vya mbele, na Siwema, aliyevaa gauni jeusi na miwani, alitambulishwa kuwa Balozi Mkuu wa Nje Yote. Bwana Shebughe alimtazama kwa muda mrefu, akamsogelea Ngwali.

"Uso huu nimewahi kuuona."

"Wapi, Mheshimiwa?" aliuliza Ngwali.

Bwana Shebughe alifungua mdomo. Kisha akaikumbuka sheria yake mwenyewe, na adhabu ya kumkumbuka mtu ambaye hakuzaliwa. Akaufunga taratibu. "Popote," alisema. "Sijauona popote."

Jenerali alihutubia, akafananisha marehemu na jua, mvua, na mbolea. Dokta Pazi alihutubia akiwa amegeuza uso upande ili pua ionekane vizuri. Kisha ulimwengu ukaombwa kusema neno, na Tindwa akasukumwa mbele. Alishika kipaza sauti. Hakumjua marehemu hata kidogo, na alikuwa mtu asiyependa kumsingizia maiti.

"Marehemu," alisema, "alikaa. Alikaa sana. Wengine hukaa wakaondoka. Yeye alikaa." Alifikiri zaidi. "Sasa ameondoka. Ndivyo mambo yalivyo. Gari haliwi lako hata ukilala ndani yake."

Watu wa Komeo hawakuwahi kusikia hotuba fupi, wala hotuba waliyoielewa. Mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia, akafuata mwingine, na baada ya muda uwanja mzima ukawa unalia. Walikuwa na vya kulilia vingi, na hii ndiyo siku waliyoruhusiwa.

Upande wa wanawake, chini ya turubai, Bi Mafunda aliketi mkekani. Aliambiwa tu kwamba Balozi Mkuu atakuja kuwapa pole. Balozi akaja, akavua viatu, akapiga magoti mbele yake, akavua miwani. Vijana wa Bwana Shebughe walisimama pembeni wamekodoa macho.

Bi Mafunda hakupiga kelele. Aliutazama uso ule, akasema kwa sauti ya itifaki, "Karibu, Mheshimiwa Balozi. Huko kwenu mnakula?"

"Tunakula, mama."

"Mbona mifupa ya mabega imetokeza?"

"Ni gauni, mama. Si langu."

"Na kikohozi hicho?"

"Ni moshi."

"Moshi," alisema Bi Mafunda. Basi ikamshinda. Alimvuta Balozi kifuani, akatoa kilio kilichokuwa kimemkaa rohoni tangu kile kiangazi, kilio ambacho hata Jenerali, kule mbele, alikisikia akavua kofia. Vijana wa Bwana Shebughe waliandika kwamba hapakuwa na mtu katika Komeo nzima aliyemlilia Baba Mlinzi kama mke wa Waziri wa Nje. Kabla jua halijazama alivishwa Nishani ya Machozi, daraja la kwanza.

*

Pilau ilipokwisha liwa, Jenerali alimwomba Balozi Mkuu faragha. Akamweleza kwamba nchi inahitaji mkono wenye nguvu, akaunyoosha wake. Dokta Pazi naye aliomba faragha, akamweleza kwamba nchi inahitaji damu ileile. Bwana Shebughe hakuomba faragha. Alitokea tu nyuma ya pazia, akasema nchi inahitaji utulivu. Kila mmoja alitaka ulimwengu umtambue yeye, na umtambue kabla ya wenzake.

Siwema aliwaita wote watatu pamoja, na baba yake akiwa kando. Kaunta ya mgahawa ilikwisha mfundisha kuzungumza na wanaume watatu wanaogombea sahani moja.

"Waheshimiwa," alisema, "huko nje sisi tuna adabu. Urithi hauzungumzwi matanga hayajaanuliwa."

Watatu wale walitazama chini kwa aibu. Ni kweli, hata Komeo watu waliolelewa hawagawani vyungu wakati wafiwa bado wako mkekani.

"Na yataanuliwa lini?" aliuliza Jenerali.

"Watu wote wakishatoa pole. Ulimwengu ni mkubwa, Mheshimiwa. Wengine wako mbali, wengine wana mkutano. Lango liachwe wazi waje kwa zamu. Na walio wazee, wasioweza kuja, watu wenu wawafuate kulekule wakapokee rambirambi."

Kila mmoja alipiga hesabu yake kimoyomoyo. Jenerali aliona matanga yakianuliwa leo, siri zake zitatoka kesho. Bwana Shebughe aliona yakianuliwa leo, bunduki zitamgeukia kesho. Dokta Pazi aliona kwamba, ukiondoa ile pua, hana kitu. Wote wakakubali kwa sauti moja, na ndiyo mara ya kwanza Baraza Kuu kukubaliana bila kutazamana.

"Waziri wa Nje," alisema Bwana Shebughe, "utasimamia zoezi hili."

"Kwa huzuni kubwa," alijibu Ngwali.

Jioni ile alirudi nyumbani akamkuta mkewe amekaa barazani, nishani kifuani, macho yamevimba, uso unang'aa. Ngwali alivua lile koti zito.

"Mama Siwema," alisema, "kuna chai?"

Dirishani kwa jirani mtu alianza kukohoa, halafu akaacha.

*

Ndivyo ulivyoanza msiba wa Komeo. Mwanzoni watu walivuka kwa woga, wamevaa kaniki, wakarudi upesi. Aliyekwenda kupokea rambirambi alirudi na sukari. Mwenzake alirudi na viatu, akasema alipewa pole na mtu mmoja mwenye duka. Fundi mmoja alirudi na mashine ya kusaga, akaeleza kwamba huko nje wameguswa sana. Wa nje nao walikuja kutoa pole, wakaondoka na vitunguu saumu, ambavyo Komeo ilikuwa navyo tele bila kujua kwamba ni mali. Wengi waliotoka zamani walirudi kuhani msiba, na kwa kuwa hawakuwahi kuzaliwa, hapakuwa na kosa la kuwashtaki nalo.

Siwema hakurudi kuishi. Ana mgahawa wake, na mume, mmoja wa wale madereva, na sasa mtoto mdogo. Wazazi wake walihuzunika kidogo, kisha wakaona kwamba daraja ni fupi.

Kila baada ya muda Baraza hukutana ili kupanga siku ya kuanua matanga. Habari hizo zikivuja, mji mzima hununa. Maduka hufungwa mapema, watu hunong'ona vibarazani, na wazee huonekana wakiomba dua ili kuwe na taifa lingine la mbali ambalo bado halijatoa pole. Hadi sasa limekuwa likipatikana. Safari moja Tindwa alirudi akiwa amevaa suti mpya, yenye jina la visiwa ambavyo hakuna mtu katika Baraza aliyewahi kuvisikia, akasema wenyeji wa huko ndiyo kwanza wamepata habari na wamesikitika mno. Siku ya kuanua matanga ikasogezwa mbele. Jenerali alipumua kwa nguvu, akamtuma dereva wake ng'ambo akampokelee rambirambi za matairi.

Ngwali bado hawezi kupanda gari. Kila asubuhi hushuka kilimani kwa miguu na kusimama darajani, kwa maana nje kuna mambo mengi mno siku hizi, hayaonekani yote dirishani.

Juzi Ijumaa alikuwa hapo alipomwona mkewe akija, kanga mpya, kapu la mayai ya kumpelekea mjukuu mkononi, anatembea kama mtu anayewahi harusi. Askari mgeni wa zamu, ambaye hakumjua, alimsimamisha.

"Shikamoo mama. Unakwenda wapi?"

Bi Mafunda aliweka kapu chini, akashusha uso mpaka ukawa wa mfiwa kamili.

"Marahaba, mwanangu. Nakwenda msibani."

"Poleni sana, mama."

"Tunashukuru. Ni msiba mzito, lakini Mungu asituharakishie kuusahau."

Akanyanyua kapu lake, akavuka.